Kinyozi Asiyejua Kusema Anaumwa

Mume wangu Asmani ana adabu kupita kiasi, na siku moja adabu hiyo nusura imharibie mkono. Simsengenyi. Yuko hapo barazani, ananisikia, akitaka kukanusha aje.

Mkute Asmani ana homa, meno yanagongana, umuulize habari ya mwili. Atakujibu salama tu, namshukuru Mungu, na nyumbani kwako wote hawajambo? Najua, sisi sote tunajibu hivyo. Hapa Rumonge mtu anasema salama kwanza, halafu baada ya chai ndipo anakuambia kwamba amefiwa. Lakini Asmani hafiki kwenye hiyo halafu. Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayeambiwa ukweli wa mwili wake, tena kwa kirefu, tena kila asubuhi, na mtu huyo ni mimi. Mgongo, tumbo, jino, goti. Watu wa nje wanapata salama, mimi napata goti.

Yeye ni kinyozi. Baba yake alikuwa kinyozi, na babu yake alikuja kutoka Ujiji na wembe wake kiunoni. Kiti chao kimekaa karibu na msikiti tangu wakati wa Wajerumani. Na kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo ule, siku ya saba, nywele zake za kwanza zimeondolewa na mkono wa nyumbani. Hajaja kinyozi wa nje hata mara moja. Hilo ndilo jambo lao la kujivunia, kwa sababu mali hawana.

Mkono ulianza siku ya uhuru. Alinyoa watu tangu alfajiri, kila mmoja anataka kwenda kuona bendera akiwa na kichwa safi, na kufika adhuhuri nikaona wembe unacheza. Watu walisema ni furaha. Basi furaha hiyo haikwisha. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na mikono yote miwili ikawa inatetemeka, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Mwisho akamkata sikio Mustafa wa buchani. Mustafa naye ni mtu wa adabu vilevile, akasema hakuna neno ndugu yangu, huku ameshika sikio na damu inapita katikati ya vidole. Hakurudi tena. Wengine wakamfuata. Walikuwa wakipita upande wa pili wa njia wakimsalimu kwa mbali, mashavu laini, na wewe unajua kabisa wamenyolewa kwingine.

Dawa tulijaribu. Tulimkanda na mawese ya moto, tulimfukiza, na mganga mmoja wa Bugarama akamfunga kamba nyekundu kwenye mikono yote miwili. Kamba nazo zikatetemeka.

Halafu binti yetu Mariyamu akashika mimba. Mtoto wetu wa pekee, mimba ya kwanza, mjukuu wa kwanza. Mimi nilicheza ngoma jikoni peke yangu. Asmani alikaa kimya siku tatu, ya nne akaniambia, "Mama Mariyamu, mtoto huyu nikishindwa kumnyoa, kile kiti pasua upikie." Alisema bila kuniangalia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa nilikuwa nimesikia habari za kila kiungo chake, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia, na iliniumiza.

Hii yote ni mwaka wa sitini na tano. Ya sabini na mbili, ya mauaji, ni mengine, na leo sina moyo wa kuyasema. Leo nataka kucheka.

Habari ya sindano ililetwa na Anastasie, mwanamke wa Bukavu, muuguzi wa hospitali kule Bujumbura. Kila mwezi alikuwa anakuja Rumonge kumtembelea kaka yake Bahizire, mvuvi, jirani yetu. Aliuona mkono wa Asmani ukipigana na kikombe, akaniita pembeni. "Mama, kule kwetu iko profeseri moja ametoka Ubelgiji na masanduku yake ya vyuma. Atakaa miezi miwili. Anatafuta watu wa kutetemeka. Anaingiza waya ndani ya ubongo."

"Ndani ya ubongo wa nani?"

"Wa mugonjwa, Mama. Wa nani tena?"

Nilimwambia asiniletee maneno hayo nyumbani kwangu. Wiki ile ile tulikuwa kwenye lori la ndagala, dagaa wa ziwa letu, tunakwenda Bujumbura, Asmani amekaa juu ya gunia, anamuuliza dereva habari za wazazi wake.

Profeseri alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani, na mikono iliyotulia mpaka nikaionea wivu. Alituelezea kila kitu mezani, Anastasie akitafsiri. Alichora kichwa kwenye karatasi. Katikati kabisa ya ubongo, alisema, kuna kiini kidogo, na hapo ndipo fujo inapopita kwenda mkononi. Upande wa kushoto wa kichwa unaendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Nilifikiri Anastasie amekosea kutafsiri, nikamfanya aulize mara mbili.

Kisha akatuonyesha ile sindano yenyewe. Aliiita elektrodi. Ni ndefu kama kijiti cha kufumia, nyembamba, imefunikwa mwili mzima isipokuwa ncha, na ncha peke yake ndiyo inayopitisha umeme. Kichwa kinafungwa ndani ya duara la chuma kisitikisike, wanapiga picha, wanapima, wanatoboa tundu dogo kama sarafu, halafu sindano inashuka polepole. Wakidhani wamefika, wanapitisha umeme kidogo kwanza, wa kujaribu tu. Ukizimwa, hakuna kilichobadilika. Wakiwa na hakika, ndipo wanapoongeza moto mpaka ncha inaunguza mahali padogo kama punje ya mahindi, na fujo inakosa njia.

"Na akiunguza pembeni?" niliuliza.

Profeseri alivua miwani. Akiunguza pembeni, alisema, mkono unaweza kufa, au ulimi ukawa mzito maisha yote. Kwa hiyo mgonjwa halazwi usingizi. Ngozi inatiwa ganzi, lakini ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mgonjwa anakaa macho na anasema kila anachohisi, kitu kidogo kama mchwa akitembea kwenye kidole, aseme. Yeye profeseri haoni ndani. Anaongozwa na mdomo wa mgonjwa.

"Na ni mkono mmoja tu," aliongeza. "Kugusa pande zote mbili ni hatari kwa kusema kwake. Achague."

Asmani alichagua wa kulia, wa wembe. Kisha akamshukuru profeseri kwa kazi yote anayoifanya mbali na nyumbani kwake, akamuuliza kama mama yake bado yuko hai.

Mimi niliona hatari siku ile ile. Nilimwambia Anastasie, "Mtu wenu anaongozwa na mdomo wa mume wangu? Mdomo huo haujawahi kusema kweli kwa mgeni." Anastasie akacheka, akasema kila mgonjwa akifika pale mezani anasema tu. Basi nikakaa kwenye benchi la ukumbini na tasbihi.

Walimwingiza saa mbili asubuhi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mlango ukafunguliwa, Anastasie akatoka, kitambaa cha mdomo kimeshuka mpaka kidevuni, uso umemshuka vilevile.

"Mama Mariyamu, muzee wako anatudanganya."

Alinieleza haraka. Sindano ilikuwa imeshuka vizuri. Profeseri akawasha umeme wa kujaribu, akauliza unahisi nini, na Asmani akajibu salama tu. Akasogeza, akawasha, vipi mkono? Hakuna neno. Vipi mdomo? Namshukuru Mungu. Na wakati anamshukuru Mungu, pembe ya mdomo wake ilikuwa imevutwa upande mpaka karibu na sikio, kila mtu anaona. Hapo profeseri akazima mashine, akakaa kwenye kiti. Alisema hawezi kuunguza kichwa cha mtu asiyelalamika. Kama hali ni hii, anatoa sindano, anashona ngozi, turudi Rumonge.

"Mwambie asubiri," nilisema.

"Ndiyo nimekuja kukuita. Nimemwambia profeseri muzee huyu analalamika kwa mutu mumoja tu."

Nilioshwa mikono mpaka viwiko, nikavishwa gauni jeupe, kofia na kitambaa cha mdomo, nikaingizwa. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Lakini nilipomwona amekaa pale, kichwa kimenyolewa, kimebanwa ndani ya chuma kwa misumari, shuka la kijani limemfunika nyuma, nikasahau ugomvi. Nilitaka kumchukua jinsi alivyo, na chuma chake, tuondoke.

Akanitambua kwa macho tu. "Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula nini, Asmani? Nimekula benchi. Unahisi nini?"

"Sasa hivi?"

"Tangu asubuhi."

Basi mtungi ukapinduka. Alisema tangu asubuhi makalio yamekufa kwa sababu ya kiti. Alisema aliyemnyoa kichwa alitumia wembe butu, tena alikwenda kinyume na nywele, na kwamba kazi kama ile baba yake angemfukuza mtu. Alisema mara ya kwanza walipowasha, kidole gumba kilijaa sindano sindano. Mara ya pili ikapanda midomoni, upande wa kulia, kama ametafuna pilipili. Mara ya tatu uso ukavutwa kwa kamba. Anastasie alitafsiri yote, pamoja na wembe butu. Profeseri alisimama, macho yanang'aa juu ya kitambaa, akaanza kuandika.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Mtu ametoka Ubelgiji," alisema Asmani. "Anauliza kwa upole. Nianze kumtajia mambo ya pilipili?"

Tangu hapo kazi ikaenda. Profeseri anasogeza kwa kipimo kidogo, chini ya unene wa ukucha, anawasha, ananitazama mimi. Mimi namuuliza Asmani kwa sauti ya nyumbani, ile ya jikoni, naye ananijibu kwa malalamiko. Kidole. Kiwiko. Joto. Sasa hakuna. Sasa mkono wenyewe umezidi kucheza, ona, ameufanya kuwa mbaya zaidi, mwambie huyo bwana. Profeseri akasema vizuri sana, tumekaribia. Akageuza kitufe kingine.

Mkono wa kulia wa Asmani ulitulia.

Ulishuka juu ya goti ukalala. Wakampa glasi ya maji imejaa mpaka ukingoni, akaipeleka mdomoni, akanywa, akairudisha, na shuka halikupata hata tone. Wakazima umeme, kutetemeka kukarudi. Wakawasha, kukaondoka. Mara tatu. Nilikuwa nimeuma kitambaa cha mdomo bila kujua.

Profeseri akasema sasa anaunguza. Kiini kikishaungua hakirudi tena. Akauliza mara ya mwisho, kupitia kwa Anastasie, kama kuna kitu chochote kingine, hata kidogo kabisa. Jasho lilikuwa linampita shingoni. Alikuwa kazini kwa muda wa saa nne nzima.

"Hakuna," alisema Asmani. "Salama kabisa. Murakoze, asante sana."

Mimi nimelala karibu na mtu yule miaka ishirini na miwili. Nilisikia hiyo salama ilivyotoka, imevaa kanzu ya wageni.

"Subirini," nilisema. Nikainama mpaka usoni pake. "Asmani. Kuna nini?"

Alihamisha macho.

"Asmani."

"Ulimi," alinong'ona. "Ni mzito kidogo. Lakini bwana huyu amechoka, maskini, mtazame. Si vizuri kumrudisha nyuma."

Sikumpiga kwa sababu kichwa kilikuwa na misumari. Nilimwambia, "Ukirudi kwangu na ulimi uliokufa, goti lako atalisikiliza nani? Mimi nitaishi na nani?" Na hapo sauti yangu ikakatika, kwa sababu nilikuwa nasema kweli. Niliona wazi nyumba yetu bila maneno yake ya asubuhi, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Halafu akamgeukia profeseri kwa macho, maana kichwa hakigeuki, akamwambia yeye mwenyewe, kwa Kifaransa chake kidogo cha wateja, kwamba ulimi si mzuri. Profeseri akazima mashine papo hapo. Akavuta sindano nyuma kidogo sana, akapima tena, akawasha. Ulimi ukawa mwepesi, mkono ukabaki umelala.

Wakati wa kuunguza walitaka aseme maneno bila kukoma, wasikie kama ulimi unapotea. Wakamwambia ataje chochote anachokijua kwa moyo. Akataja majina ya wateja wote waliomkimbia, kwa mpangilio wa kuondoka, kuanzia Mustafa wa buchani. Alikuwa amewahifadhi kichwani wote. Profeseri alipoambiwa orodha ile ni ya nini, ilibidi atoe mkono kwenye mashine kwanza acheke.

Tulirudi Rumonge baada ya siku kumi na mbili, mkono wa kulia umetulia, wa kushoto vilevile na vurugu zake. Watu walijaa uani. Walitaka kuona tundu, walitaka kujua kama waya umebaki ndani. Bahizire akamuuliza kama sasa anapata redio ya Bukavu. Asmani akamwambia anaipata vizuri, ila siku ya mvua kuna kelele. Walicheka, wakamshika mkono, wakamsifu Mungu. Ila kiti kilibaki kitupu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwa wembe wa mtu aliyetobolewa kichwa.

Mariyamu akajifungua Jumanne, mtoto wa kike.

Siku ya saba tulikwenda nyumbani kwa mume wake, Abasi, kule ufukweni wanakoanika ndagala. Wanawake wamejaa, wali unachemka, na kwenye kona, na chai mkononi, amekaa Hamisi, kinyozi wa Nyanza-Lac. Mama yake Abasi ndiye aliyemwita. Nilisikia damu inanipanda. Asmani, badala ya kusimama kama mtu, akamsalimu Hamisi kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza habari za mvua za Nyanza-Lac. Nilitamani kuwamwagia wote wawili ile chai.

Mama yake Abasi alisema kwa upole. "Mkwe wangu, usione vibaya. Mkono wa kulia nimeuona, umetulia, alihamdulilahi. Lakini huo wa kushoto ndio utakaoshika kichwa, nao bado unacheza. Na utosi wa mtoto wa siku saba unajua ulivyo."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka juu ya goti la Asmani mbele ya watu wote, naye akaufunika kwa wa kulia. Kila mtu alijua atakachosema. Atasema hakuna neno, atamkaribisha Hamisi, atakula wali, turudi nyumbani nikapasue kiti.

"Inaniuma," alisema Asmani.

Mama yake Abasi aliweka kijiko chini.

"Inaniuma sana," alisema tena, na sauti ilikuwa ile ya asubuhi, ya kwangu peke yangu, anaitoa mbele ya wakwe. "Nilikaa na chuma kichwani kwa ajili ya mtoto huyu. Nataka kumnyoa mjukuu wangu."

Sikungoja mtu ajibu. Nilikwenda nikamchukua mtoto mikononi mwa Mariyamu, nikakaa mkekani. "Kichwa nitashika mimi," nilisema. Mama yake Abasi alinitazama, akamtazama mwanawe, kisha akainuka mwenyewe kuleta beseni la maji.

Asmani akapiga magoti mbele yangu. Aliufungua wembe, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, akalowesha nywele zile kwa vidole. Mtoto alikuwa mwepesi kama mkate. Niliweka mikono yangu huku na huku ya kichwa, na hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea.

"Unatetemeka," aliniambia Asmani.

"Naogopa," nilimjibu, na watu wakasikia.

Hakucheka. Alibaki pale pale, wembe umesimama juu ya kichwa cha mtoto, upana wa kidole kimoja tu, na haukusogea hata kidogo. "Ogopa polepole," alisema. "Mimi nakungoja."

Nilivuta pumzi mpaka mikono yangu ikatulia. Ndipo alipoanza kunyoa, na nywele zikawa zinaniangukia mapajani, laini, kidogo kidogo. Machozi yalinitoka nikayaacha yateremke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.